Mama Aliyejengewa Chemchemi

Ujerumani, 12 Mei 2024

Mawe, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwenye simu husikii, unabaki kuitikia "eeh, eeh" hata nikikuuliza umekula nini. Basi nimenunua karatasi, nitakuandikia kama ulivyotaka.

Jana tuliwapeleka wazee wetu matembezi. Kwenye hii nyumba ya wazee ninakojifunza uuguzi, kutembea ni sehemu ya dawa. Tuliwapakia kwenye basi, viti vyao vya magurudumu tukavifunga nyuma, tukaenda kwenye jumba la kifalme nje ya mji. Mfalme hayupo siku hizi. Jumba limebaki la kutazamwa, unalipa kiingilio kama unaingia Hifadhi ya Katavi, tofauti ni kwamba hakuna viboko.

Bustani yake ni kubwa kuliko uwanja wa parokia na shule ukiviunganisha, na katikati kuna chemchemi ya kujengwa. Siyo ya kuchota. Wametengeneza bwawa la mawe la mviringo, ndani yake wamesimama watoto wa mawe wenye mashavu yaliyojaa, na samaki wa shaba waliofungua midomo. Maji yanatoka kwenye midomo ya samaki, yanarushwa juu kupita paa la kanisa, halafu yanaanguka tena bwawani. Kutwa nzima, Mawe! Nilisimama pale nikalowa uso na nikajikuta nacheka peke yangu.

Kijana anayetembeza wageni alitueleza ilivyojengwa. Mfalme mmoja alirithi kiti akiwa bado kijana, baba yake amekufa. Mama yake akachumbiwa na mtawala wa nchi jirani. Mfalme huyo akakataa, akasema mama yangu hakosi kitu hapa, akaita mafundi wakamjengea mama chemchemi hiyo mbele ya dirisha lake ili asitamani kwenda popote. Na kweli, hakuondoka mpaka alipofariki. Mimi machozi yalinilenga. Kumpenda mama kiasi hicho! Bibi Hannelore, yule ninayemsukuma kiti, alikuwa amelala muda wote wa maelezo.

Msalimie Fabrice. Mwambie asijibu majirani ovyo.

Mwanao,
Emelyne


Misunkumilo, Mpanda, 9 Juni 2024

Mwana wanje, mwanangu Emelyne,

Marahaba. Barua yako imefika kwenye sanduku la parokia, mdogo wako Fabrice akaileta na baiskeli. Nimeisoma mara nyingi. Halafu nikaenda nayo kwenye foleni ya bomba, nikawasomea wanawake wenzangu, maana maji yalikuwa hayajafunguliwa na tulikuwa tunatazamana tu. Bernadetha akauliza, "Yanarushwa juu, halafu nani anakinga?" Nikamwambia hakuna anayekinga, yanarudi yalikotoka. Akasema hao wazungu waletewe ndoo zetu tuwaonyeshe kazi ya maji. Tumecheka mpaka mwenye bomba akadhani tunamsema yeye.

Nyumbani ni wazima. Fabrice amepangiwa chuo Mbeya, mwezi wa tisa anaondoka. Upepo ulitung'olea bati mbili za jikoni. Mzee Rafaeli Lyamba, yule Mpimbwe wa Usevya aliyekuwa dereva wa hifadhi pale Sitalike, siku hizi shamba lake limepakana na letu. Alipanda mwenyewe akazipigilia, na umri ule! Mwanaye Deusdedit mliyesoma naye alikuja kushika ngazi. Wameleta na asali. Mzee Rafaeli anauliza sana habari zako, kama huko unakula vizuri, kama baridi haikuumizi. Ni mtu mwenye utu. Tangu mkewe afariki anajipikia mwenyewe, na wala hapiki vibaya.

Hiyo chemchemi yako nimeipenda. Ila nina swali. Umeniandikia alichosema mfalme, na walichofanya mafundi, na alichoeleza mtembezaji. Huyo mama mwenyewe alisemaje? Yeye hujaniandikia.

Imana ikurinde, Mungu akulinde.

Mama yako,
Thacienne


Ujerumani, 4 Julai 2024

Mawe,

Shikamoo. Barua yako nalala nayo chini ya mto.

Kwa ajili yako nimepiga simu kule bustanini kuuliza huyo mama alisemaje. Wamesema hakuna mahali palipoandikwa. Wana hesabu ya mawe yote yaliyojengewa bwawa, wana majina ya mafundi, ila maneno yake hawana. Si alinyamaza kwa sababu aliridhika? Mtu akijengewa kitu kama kile atalalamika nini?

Hata mimi nimeamua. Nikimaliza hapa na kuajiriwa, jambo la kwanza ni nyumba yako. Bomba ndani, tena jikoni, na uzio wa tofali na geti. Hutapanga foleni na akina Bernadetha tena. Utakaa kwenye kiti chako kibarazani, kila kitu kikukute hapohapo. Tangu Baba afariki umehangaika kutusomesha, sasa umalize siku zako umetulia. Nataka watu wa Mpanda wakipita waseme, huyu mama ana mtoto.

Halafu Mawe, nakujua. Deusdedit ameshika ngazi, ameleta asali, baba yake anauliza kama nakula. Wewe ukiwa na jambo hulisemi, unalizungusha mpaka mtu alikute mwenyewe. Naomba kama kuna mpango hapo uishie kwenye asali. Huyo Deusdedit darasani alikuwa anakula chaki.

Nakupenda sana.

Emelyne


Misunkumilo, 28 Julai 2024

Mwana wanje,

Nimecheka habari za chaki, ila leo sina maneno mengi.

Jumapili baada ya misa tulipata wageni. Walikuja na kreti za bia na za soda. Zamani ingekuwa pombe ya ndizi, lakini wamejua jibu litasubiri posta ya Ulaya na pombe yetu ingegeuka siki. Mshenga wao ni Manyanda, yule mwenye duka la pembejeo. Amesema vizuri, bila haraka. Wameomba mke kwenye nyumba ya marehemu baba yako.

Unajua taratibu zetu. Jina la anayeomba na la anayeombwa halitajwi mpaka vinywaji vipokelewe, nami sitalitaja. Mjomba wako Pontien amewaambia kwamba nyumba hii baba hayupo, basi jibu litoke kwa mtoto mkubwa. Ndiyo wewe. Umwandikie Mjomba, naye atalisoma mbele za watu. Kreti zimewekwa chumbani, hakuna aliyezigusa, hata Fabrice anazipita kwa mbali.

Mimi siwezi kusema zaidi, naona aibu, na siyo mahali pangu kusema. Nakuomba tu usijibu kwa hasira. Itazame nyumba yetu vizuri kwanza, uone mwaka huu ukiisha nani atakuwa amebaki ndani yake.

Mama yako,
Thacienne


Ujerumani, 19 Agosti 2024

Kwa Mjomba Pontien,
Shikamoo Mjomba.

Nimepata ujumbe wa wageni na nashukuru kwa heshima mliyonipa. Nimeambiwa majina hayatajwi, nami sitaji.

Jibu langu kwa niaba ya nyumba ya marehemu Didace ni hapana. Nyumba hii haijakosa kitu hata itoe mtu wake. Anayeomba simdharau, ila hatufai, na mwakani hatatufaa pia. Naomba vinywaji virudi vilikotoka na jambo hili nisiletewe tena.

Wasalimie wageni wote.

Emelyne Didace


Misunkumilo, 15 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Emelyne,

Nakusalimu mimi mjomba wako, na najua u mzima, maana mgonjwa hawezi kuandika maneno makali vile.

Mimi ni mtu wa taratibu. Uliniandikia nisome, nimesoma. Nilisimama nikalisoma jibu lako neno kwa neno, kwa sauti ninayosomea masomo kanisani, na watu walikuwa wengi. Mzee Rafaeli alikuja amevaa koti lake la suti na viatu amevipaka rangi. Nilipofika kwenye "mwakani hatatufaa pia," alivua kofia akaiweka magotini. Manyanda alitaka kujibu, Rafaeli akamzuia. Akasema, "Mtoto amesema, na ana haki. Anampenda baba yake." Basi. Walipakia kreti kwenye pikipiki, chupa moja ikapasukia njiani, wakaondoka.

Mama yako alinyanyuka akasema anakwenda kuteka maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa, Emelyne. Alitoka na dumu tupu na hakurudi mpaka watu walipoondoka.

Rafaeli amehamia kwa dada yake Usevya, shamba amemwachia Deusdedit. Fabrice naye ameenda chuo. Mama yako anasema hana neno, lakini kwaya ameacha.

Mimi sikuulizwa, lakini nitasema. Baba yako alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Nilishika koleo siku tuliyomzika. Tulizika mtu mmoja siku ile, hatukuzika wawili. Sasa wewe umekaa huko na wazee wa watu, unawabembeleza, na mama yako wa kumzaa umemkatalia mume mbele ya kadamnasi. Nimeshangaa sana.

Mjomba wako,
Pontien


Ujerumani, 6 Oktoba 2024

Mawe, Mawe yangu,

Nisamehe. Soma hii barua ukiwa umekaa.

Nilidhani ni mimi. Uliposema wameomba mke kwenye nyumba yetu, nilijiona mimi tu, msichana asiyeolewa, na nikamwona Deusdedit na ngazi yake. Haikunijia hata kidogo kwamba kwenye nyumba ile kuna mwanamke mwingine. Barua ya Mjomba nilianza kuisoma nimesimama kwenye korido ya kazini. Nilipofika kwenye koti la Mzee Rafaeli, nikaketi sakafuni palepale, mpaka muuguzi mkuu akaniuliza nani amekufa.

Ile hapana ilikuwa yangu mimi, siyo yako. Mjomba nitamwandikia ayaeleze hayo kwa watu.

Lakini sitaki kukudanganya. Nilipoelewa, furaha haikuja. Nililia. Niliona kiti cha Baba, nikamwona mtu mwingine amekikalia, nikasema moyoni kwamba hata ningejua, pengine ningeandika vilevile. Siku mbili nilikuwa na hasira na wewe, na Mzee Rafaeli nilimchukia mpaka kwa asali yake.

Alhamisi nilikuwa na mapumziko, nikamsukuma Bibi Hannelore tukarudi kule bustanini, maana aliomba mwenyewe. Tumekuta wamefunga maji. Kipindi cha baridi kikikaribia wanakausha bwawa lote ili mabomba yasipasuke na barafu. Wafanyakazi walikuwa ndani na buti za mpira, wanakwangua tope na majani. Samaki wamefungua midomo na hakuna kinachotoka. Ukitazama bila maji ni shimo la mawe tu, na juu yake lile dirisha. Nilihesabu, Mawe, nikaona miezi ya baridi ni mingi. Yule mama kila mwaka alikaa juu pale akitazama shimo, na mwanaye yuko kwenye shughuli zake za ufalme, anajisifu kwamba mama hakosi kitu.

Na mimi nilikuwa nakujengea uzio na geti.

Bibi Hannelore aliniona nafuta macho akauliza kuna nini. Nikamweleza yote. Akauliza mama yako ana miaka mingapi? Nikasema hamsini na nane. Akacheka mpaka akakohoa. "Hamsini na nane! Bado msichana huyo!"

Safari hii sitajibu kabla sijakuuliza. Usizungushe, na usiseme siyo mahali pako. Wewe unataka nini?

Mwanao asiye na akili,
Emelyne


Misunkumilo, 3 Novemba 2024

Mwana wanje,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Yaani wewe uliolewa na Deusdedit ukaachika, yote bila yeye kujua! Nimemsimulia mwenyewe. Amesema chaki alikula mara moja tu, na alikuwa anashindana na wenzake.

Baada ya kucheka nimelia pia kidogo, nami sitakudanganya.

Jana ilikuwa Siku ya Marehemu. Nilikwenda Katumba peke yangu, nikapalilia kaburi la baba yako, nikaweka maua. Nikamweleza. Nilimwambia tulivyotoka naye mbali, tukiwa watoto wa kubebwa mgongoni kuvuka mpaka kama wakimbizi, tukakulia hapa, tukapewa na uraia, tukawapata nyie. Nilimwambia hakuna atakayekaa mahali pake, kwa sababu mahali pake ni pake. Kile kiti unacholilia nimeshakigawa, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Sikukwambia, nilijua utalia.

Umeniuliza nataka nini. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Niliolewa kwa wazazi kuulizwa, nikawa mjane bila kuulizwa, na nyie watoto mkisema Mama pumzika, napumzika. Nyumba mnayotaka kunijengea nashukuru, lakini foleni ya bomba msiniondolee. Pale ndipo ninapocheka. Jioni nikirudi ndani na ndoo yangu ndipo pagumu. Napika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haupikiki, Emelyne, unaungua tu.

Rafaeli alikuwa anakuja jioni na habari za barabarani. Tembo aliyelala njiani, gari la wageni lililozama matopeni. Anasimulia vibaya, anarudia, anasahau mwisho. Ananisemea karibu na sikio bila kupiga kelele, na mimi namsikia. Alipoambiwa hapana aliondoka, hajatuma hata salamu ya kunishawishi nikuzunguke. Kwa hilo nimezidi kumpenda. Haya, nimeliandika. Nampenda, na nataka arudi.

Lakini ukisema hapana ukiwa unajua, nitakaa. Wewe ndiye mtoto wangu mkubwa na sitaolewa juu ya machozi yako.

Mama yako,
Thacienne


Ujerumani, 24 Novemba 2024

Kwa Mjomba Pontien,
Shikamoo Mjomba.

Nakuomba uwaite watu walewale na usome kwa sauti ileile.

Nilijibu swali ambalo sikuulizwa. Sasa najibu nililoulizwa. Nyumba ya marehemu Didace inasema ndiyo. Inasema kwa furaha, na wageni wakija tena kreti zifunguliwe siku hiyohiyo. Soda yangu aninywee Bernadetha.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, nimeifunga. Hiyo usisome. Naomba Deusdedit aipeleke Usevya kwa baba yake, na aende leo.

Mpwa wako,
Emelyne


Ujerumani, 24 Novemba 2024

Kwa Mzee Rafaeli Lyamba,
Shikamoo.

Mjomba amepata jibu la watu wote. Hili ni lako peke yako. Nilikuumiza mbele za watu na wewe ukanitetea, na nilikuwa sikujui. Nakuomba radhi kwa moyo wote.

Kwetu binti akiondoka, wazazi wanakaa na mkwe wakamweleza anayemchukua ni mtu wa namna gani. Bibi na babu yangu hawapo, kwa hiyo kazi hii imeniangukia mimi, mtoto, na nitaifanya nijuavyo.

Mama hali asubuhi mapema, usimlazimishe. Akikaa kimya jikoni hajakasirika, anapanga jambo, mwache amalize. Akikasirika kweli utajua, ataanza kufagia mahali palipofagiliwa. Ukimletea kitambaa chekundu atakishukuru na hatakivaa. Akisema hana neno, ana neno, kaa hapo mpaka litoke. Mvua za kwanza zikianza magoti yanamsumbua na atakuficha, atasema amechoka tu. Msugue na mafuta ya moto hata akikataa. Usimpe ushauri anapolia kwa ajili ya Baba. Atalia siku nyingine, na wewe mwenyewe utamlilia mkeo, basi lieni pamoja mkimaliza mle. Anapenda kuulizwa. Hata jambo dogo, muulize kwanza, halafu umsubiri, maana hajazoea na jibu lake linachelewa.

Simulia habari zako za tembo hata kama umesahau mwisho.

Na mwisho kabisa nakwambia kama wazee wanavyomwambia kijana anayeoa. Siku ukimchoka, usimtukane, usimnunie, wala usimseme kwa majirani. Niite mimi, nitapanda ndege nije nimchukue mama yangu nirudi naye. Ila nakusihi, Baba, usinipe hiyo safari.

Mwanao,
Emelyne